Swali Litangulie Mashine: Vipimo vya Mwili Mzima katika Tiba Yetu



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuingiza vipimo vya picha za mwili mzima katika tiba ya kila siku. Naanza na hoja yenyewe ili msiitafute njiani. Mashine inayopiga picha ya mwili kuanzia kichwani hadi mapajani inakuwa sehemu ya tiba siku ile jibu lake linapobadilisha kile ambacho daktari angemfanyia mgonjwa. Kabla ya siku hiyo ni chombo cha bei kubwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Kwa hiyo nchi inayotaka kuinunua inapaswa kwanza kuandika maswali itakayoiuliza, halafu ihesabu watu na vitu vyote vinavyohitajika ili swali lifike kwenye mashine na jibu lifike kitandani kwa mgonjwa.

Naisimamia hoja hii kwa sababu naona makosa mawili yakitunyemelea. La kwanza ni kusema vipimo hivi ni vya matajiri, tuviache kwanza. Anayesema hivyo anasahau kwamba mgonjwa wa saratani anayetibiwa bila kujulikana ugonjwa umefika wapi anatibiwa kwa kubahatisha, na kubahatisha kuna gharama yake: upasuaji usio na faida, dawa kali zisizohitajika, miezi inayopotea. Kosa la pili ni kununua kwa shangwe, utepe ukakatwa, hotuba zikatolewa, kisha mashine ikalala kwa kukosa dawa, fundi au mtu wa kuisoma. Makosa haya yanamwangukia mtu yuleyule: mama aliyetoka Sumbawanga au Mandera, ambaye ukoo umechanga nauli yake na amefika mjini akitarajia kuambiwa ukweli kuhusu mwili wake.

Swali lilizaliwa wodini

Historia ya mashine hizi ina tawi lake hapa Afrika, na inafaa tuijue vizuri. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya vitu nururifu. Kazi hiyo aliichukua Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa sehemu tu ya wiki. Akiwa pale aliona jambo lililomkera: mipango ya kutibu saratani kwa mionzi ilihesabiwa kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja. Lakini mfupa unazuia mionzi kwa namna yake, pafu kwa namna yake, na nyama kwa namna yake. Akajiuliza: je, tukipima mionzi inayotoka upande wa pili wa mwili kutoka pembe nyingi, tunaweza kujua kila sehemu ya ndani imezuia kiasi gani? Hisabati ya jibu lake aliichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeitilia maanani.

Uingereza, mhandisi wa kampuni ya EMI, Godfrey Hounsfield, alifikia wazo hilohilo kwa njia yake mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Uvimbe ulionekana, na daktari wa upasuaji akajua pa kuingilia. Mashine ile, ambayo leo tunaiita CT, ilipokea kichwa peke yake. Kifua na tumbo vilisubiri hadi Robert Ledley wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, ambaye masomo yake ya awali yalikuwa ya udaktari wa meno, alipotengeneza CT ya kwanza ya mwili mzima katika miaka ya 1973 na 1974. Cormack na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwaka uliofuata, timu ya John Mallard katika mji wa Aberdeen, Scotland, ilitumia MRI yake ya mwili mzima kupata picha ya mgonjwa iliyoweza kumsaidia daktari.

Tazameni mpangilio wa mambo. Cormack alianzia kwenye kasoro aliyoiona katika matibabu ya wagonjwa. Hisabati ikafuata swali, na mashine ikafuata hisabati. Sisi tunaonunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa tumezoea kuanzia mwisho: mashine inafika bandarini, ndipo tunakaa kikao kujadili tuitumie kwa nini. Huo ndio mpangilio ninaoomba tuugeuze.

Sukari inayoonyesha ugonjwa

Kipimo nitakachokitumia kama mfano leo ni PET-CT, kwa sababu ndicho kinachoingia sasa katika hospitali za ukanda wetu na ndicho kinachodai mengi zaidi. CT inaonyesha umbo: uvimbe uko wapi, una ukubwa gani. PET inaonyesha kazi: seli zipi zinakula kuliko jirani zake. Tangu miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha kwamba seli za saratani zinatumia sukari kwa pupa. Nusu karne baadaye wanakemia walifanikiwa kuibandika atomi nururifu ya florini-18 kwenye molekuli inayofanana na glukosi, na mwaka 1976, Philadelphia, sukari hiyo ilidungwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu. Mwaka 1998 David Townsend na Ronald Nutt waliweka PET na CT ndani ya mashine moja huko Pittsburgh, hata ile sehemu inayokula sukari nyingi ikaweza kuonyeshwa mahali pake hasa mwilini.

Kwa mgonjwa, siku ya kipimo inakwenda hivi. Anakaa bila kula kwa takriban saa sita. Sukari katika damu yake inapimwa. Ikiwa juu mno, seli zitakuwa zimeshashiba sukari yake mwenyewe na picha itakuwa hafifu. Anadungwa ile sukari nururifu, kisha anatulia kwa muda wa saa moja hivi, chumbani pasipo na baridi, bila kutembea wala kuzungumza sana, maana msuli unaofanya kazi nao unakula sukari. Ndipo anaingia kwenye mashine. Hapa muuguzi ana uzito sawa na daktari bingwa. Mgonjwa wa kisukari aliyeletwa kutoka mkoani bila kuelezwa afanye nini na dawa zake anaweza kurudishwa siku hiyohiyo bila kipimo, na dozi aliyotengenezewa ikaharibika.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mtakaokuja kusoma picha hizi Dodoma, Mwanza, Kisumu au Mombasa. Sukari haijui saratani. Inakwenda popote penye njaa: ubongoni, kwenye moyo, kwenye jeraha linalopona, na kwenye uambukizo. Mitoki yenye kifua kikuu inang'aa kama mitoki yenye limfoma, yaani saratani ya mitoki. Mitoki ya mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa inaweza kung'aa mwili mzima. Vitabu vingi tunavyosomea viliandikwa katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra, na daktari wa huko akiona donge la pafu linalong'aa ana haki ya kufikiria saratani kwanza. Hapa kwetu anayefanya hivyo bila kuchukua kinyama na kukipeleka maabara ya patholojia anaweza kumpa mgonjwa wa kifua kikuu dawa za saratani. Kwa hiyo PET-CT inaongeza haja ya patholojia. Hospitali ambayo majibu ya kinyama yanachukua wiki nyingi haijawa tayari kwa PET-CT, hata kama jengo limekwisha.

Majibu yaliyobadilisha tiba

Je, kipimo hiki kimeleta faida ya kweli mahali kilipopimwa kwa uaminifu? Kimeleta. Nitataja mifano mitatu.

Wa kwanza unatoka Uholanzi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na saratani ya mapafu inayoweza kukatwa waligawanywa kwa kura: baadhi walipimwa kwa njia za kawaida, wengine waliongezewa PET. Katika kundi la kwanza, asilimia 41 walifunguliwa kifua bila faida, ama kwa sababu saratani ilikuwa imeshasambaa, ama ilirudi upesi, ama uvimbe haukuwa saratani. Katika kundi la PET idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 21. Aliyewahi kumhudumia mtu aliyepasuliwa mbavu anajua maana ya kuondolewa upasuaji usio wa lazima.

Wa pili ni wa limfoma ya Hodgkin, ugonjwa unaowapata vijana wengi na unaotibika. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha wagonjwa zaidi ya 1,200, wagonjwa walipimwa kwa PET baada ya mizunguko miwili ya tiba ya dawa nne. Waliokuwa na picha safi waligawanywa: nusu waliendelea na dawa zote nne, nusu wakaondolewa bleomycin, dawa inayojulikana kwa kuumiza mapafu. Matokeo ya makundi hayo mawili yalikaribiana sana, na walioondolewa dawa hiyo walipata madhara machache ya mapafu. Ambao picha zao bado ziling'aa waliongezewa dawa kali zaidi. Kipimo kimoja, maamuzi mawili tofauti, na kila uamuzi una mgonjwa wake.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unahusu hasa namna ya kuingiza teknolojia mpya. Mwaka 2006 Marekani ilikuwa na tatizo: saratani nyingi hazikuwa na ushahidi wa kutosha wa kuishawishi bima ya wazee, Medicare, ilipe PET. Ikakubali kulipa kwa sharti. Kabla ya kipimo, daktari aandike anachokusudia kufanya: kupasua, kutoa dawa, kusubiri, au kuchukua kinyama. Baada ya kipimo aandike tena. Fomu zote ziliingia kwenye rejista ya taifa. Matokeo ya kwanza ya rejista hiyo, yaliyotoka mwaka 2008 na kutokana na vipimo karibu 23,000, yalionyesha kwamba mpango wa daktari ulibadilika katika asilimia 36.5 ya wagonjwa. Bima ikapata sababu ya kupanua malipo.

Fikirini urahisi wa mbinu hiyo. Haikuhitaji maabara mpya. Ilihitaji karatasi mbili na nidhamu. Na ilimlazimisha kila daktari kujiuliza kabla ya kumtuma mgonjwa: jibu likija hivi nitafanya nini, na likija vile nitafanya nini? Kama ni lilelile, kwa nini ninamtuma?

Mtu mzima wa afya na mashine

Hapa inaingia biashara inayokua kwa kasi duniani: kumpiga picha ya mwili mzima mtu asiye na dalili yoyote, ili awe na amani. Tamaa hii naielewa. Nani hapendi kuambiwa yu mzima? Lakini mwili wa mtu mzima wa afya umejaa vitu vidogo visivyo na madhara: uvimbe wa maji kwenye figo, alama kwenye ini, kinundu kwenye tezi ya shingo. Mashine ikiviona, daktari hawezi kuvinyamazia. Vinafuatwa na vipimo vingine, sindano, na mara nyingine upasuaji.

Korea Kusini ililionja jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watu waliokwenda kwenye uchunguzi wa saratani wa taifa walipewa nafasi ya kuongezewa ultrasaundi ya shingo kwa ada ndogo. Kufikia mwaka 2011 saratani za tezi ya shingo zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993. Vifo kutokana na saratani hiyo havikupungua. Karibu wote waliogunduliwa waliondolewa tezi yote au sehemu yake. Wengi wakabaki wa kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote, na baadhi wakaharibiwa mishipa ya sauti. Madaktari wa huko walipowatahadharisha wananchi hadharani mwaka 2014, upasuaji ukapungua. Mwaka 2023 Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa tamko kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza kipimo cha mwili mzima kwa watu wasio na dalili wala historia ya hatari.

Kuna wachache ambao kwao mambo ni tofauti. Watu wa familia zenye ugonjwa wa kurithi uitwao Li-Fraumeni hupata saratani za aina nyingi tangu utotoni, na kwao MRI ya mwili mzima kila mwaka inapendekezwa, maana hatari ni ya kweli na swali liko wazi. Daktari wa familia hiyo anajua anatafuta nini na atafanya nini akikipata. Mtu asiye na dalili wala hatari anayelipia kipimo hiki kutoka kwenye akiba yake ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kabla hajatoa fedha.

Saa inayokimbia

Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza huduma ya PET-CT, na baadaye Hospitali ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafungua kituo chake cha umma. Kabla ya hapo, mgonjwa wa ukanda wetu aliyehitaji kipimo hiki alisafiri nje, mara nyingi India. Ni hatua kubwa na inastahili pongezi. Vituo hivyo vinatufundisha pia kwamba huwezi kununua mashine ya PET peke yake.

Florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110 hivi. Dozi iliyotengenezwa saa tatu asubuhi inabaki nusu ikifika saa tano kasoro dakika kumi. Saa sita na dakika arobaini imebaki robo. Saa nane na nusu mchana imebaki sehemu moja ya nane. Huwezi kuihifadhi ghalani wala kuiagiza kwa meli. Lazima kuwe na saiklotroni, yaani mashine ya kutengeneza atomi nururifu, karibu, mwanakemia anayeanza kazi alfajiri, mkaguzi wa ubora anayeipitisha dawa kabla haijadungwa, na gari lisilokwama kwenye foleni. Umeme ukikatika katikati ya utengenezaji, wagonjwa wote wa siku hiyo waliofunga tangu usiku wanarudi nyumbani. Kwa baadhi ya saratani, hasa ya tezi dume, inawezekana kutumia galiamu-68, ambayo hupatikana kwenye jenereta ndogo inayokaa hospitalini kwa miezi bila kuhitaji saiklotroni. Hospitali iliyo mbali na miji mikubwa ingeweza kuanzia hapo, kama maswali yake ni ya tezi dume.

Kisha kuna watu. Mashine moja inahitaji daktari wa tiba ya nyuklia, mtaalamu wa radiolojia, mwanafizikia tiba, wateknolojia, wauguzi na fundi wa vifaa tiba. Kuwasomesha kunachukua miaka, ilhali mashine inafungwa kwa miezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi, na sababu zake kubwa ni hizo tunazozijua: mafunzo duni, matengenezo yasiyopangwa, na miundombinu isiyotosha. Mkataba wa ununuzi usiotaja nani atalipia vipuri mwaka wa saba ni mkataba wa nusu.

Teknolojia inaendelea kukimbia. Mwaka 2018 timu ya Simon Cherry na Ramsey Badawi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ilionyesha picha za kwanza za binadamu kutoka kwenye mashine yenye urefu wa sentimita 194, inayopokea ishara kutoka mwili wote kwa wakati mmoja, wakati PET za kawaida husogeza mgonjwa hatua kwa hatua kupitia pete ya takriban sentimita 25. Inanasa ishara mara nyingi zaidi, hivyo dozi inaweza kupunguzwa sana, na picha inaweza kupigwa saa nyingi baada ya sindano. Nchi zenye barabara ndefu na saiklotroni chache zina sababu ya kuifuatilia kwa makini. Kuifuatilia kunataka watu walioizoea PET ya kawaida kwanza, na bei inayobebeka.

Tufanye nini

Naomba mambo manne. La kwanza, kabla ya zabuni yoyote, wizara na vyama vya kitaaluma wachapishe orodha ya maswali ambayo kipimo kitajibu kwa wagonjwa wetu. Napendekeza waanze na limfoma, saratani ya mapafu, ya mlango wa kizazi, ya umio ambayo imelielemea eneo letu la Afrika, na ya tezi dume.

La pili, kila kipimo kiwe na fomu mbili, mpango kabla na mpango baada, na rejista moja ya ukanda mzima. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya imeunda upya bima yake ya jamii. Bima hizo zina haki ya kudai ushahidi, na sisi madaktari tuna wajibu wa kuutoa.

La tatu, fedha za patholojia, mafunzo, vipuri na umeme wa akiba ziwe ndani ya bei tunayoitangaza. Mbunge anayeuliza mashine imegharimu kiasi gani aambiwe gharama ya miaka kumi.

La nne, nchi zetu zigawane. Mgonjwa wa Arusha yuko karibu na Nairobi kuliko Dar es Salaam. Rufaa ya kuvuka mpaka, yenye bei iliyokubaliwa na majibu yanayorudi kwa daktari aliyemtuma, itawafikia wagonjwa upesi kuliko kila nchi kungoja saiklotroni yake.

Wanafunzi wangu, haya hayamsubiri waziri. Nimesoma fomu nyingi zilizoandikwa "CT ya tumbo" na kuishia hapo. Anayeisoma picha hiyo hajui atafute nini, na aliyeituma huenda hajui atafanya nini na jibu. Kuanzia kesho asubuhi, katika kila fomu ya CT, ultrasaundi au eksirei mtakayoijaza, andikeni mstari mmoja wa swali na mstari mmoja wa mtakachofanya jibu likija. Haigharimu shilingi. Hospitali ambayo vijana wake wamezoea kufanya hivyo ndiyo iliyo tayari kupokea mashine kubwa, na ningekuwa na kura, ningeipa hospitali hiyo kabla ya ile yenye jengo zuri.